Mgeni Akiondoka, Shimo Hubaki

Mhadhara kwa wananchi wa Kisaka, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara



Nimeombwa niseme juu ya upinzani wa wananchi dhidi ya migodi ya wageni. Najua mnatazamia nianze na Nyamongo, maana iko hapo ng'ambo ya Mto Mara, na sidhani kama kuna mtu hapa asiye na ndugu au mkwe upande ule. Nyamongo tutafika. Nivumilieni kwanza nianzie mbali, Tibet, kwa sababu kuna jambo ambalo huonekana vizuri zaidi ukilitazama kwa watu usiowajua.

Tibet ni uwanda wa juu kuliko nyanda zote za dunia. Wenyeji wake hufuga yaki, ng'ombe wa manyoya marefu anayestahimili baridi, na mito mikubwa ya Asia kama Indus, Mekong na Yangtze huanzia kwao. Nchi hiyo imo chini ya utawala wa China tangu majeshi ya Beijing yalipoingia mwaka 1950. Chini ya malisho yao kuna shaba, dhahabu na lithiamu. Miaka ya 2000, makampuni kutoka Canada yalipata leseni za utafiti huko. Mojawapo iliitwa Continental Minerals, ya Vancouver, na eneo lake lilikuwa Xietongmen. Watibeti walio uhamishoni na marafiki zao wakapiga kampeni dhidi yake: leseni imetolewa Beijing, walisema, na mwenye malisho hakuulizwa. Mwaka 2011 kampuni ile ikauzwa kwa Jinchuan, kampuni ya dola ya China. Mkanada akaondoka.

Je, mwenye malisho akaulizwa? Hakuulizwa. Leseni ilibadilisha mkono tu. Mahali pengine pa Tibet, katika mgodi wa Gyama, tarehe 29 Machi 2013 mlima uliporomoka ukawafukia wafanyakazi 83. Mgodi ule ni wa China Gold International, kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa la Toronto, na mwenye hisa mkubwa ndani yake ni kampuni ya dola ya China. Sasa niambieni, mgodi huo ni wa mgeni au wa mwenyeji? Mimi nimeacha kulijibu swali hilo, kwa sababu nimeona halimsaidii mtu aliyefukiwa wala mtu aliyebaki na mto.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema Kisaka. Tumezoea kupima mgodi kwa pasipoti ya mwenye mali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa miaka thelathini hivi tumebishana kama mgeni huyu ametuponya au ametuua. Ubishi huo umetuficha swali la kwanza: nani aliulizwa kabla ya shimo kuchimbwa, na nani anaruhusiwa kujua kilichomo katika maji yanayotoka kwenye shimo hilo?

Tuvuke mto sasa.

Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, wilaya ya Tarime, kama kilomita 100 mashariki mwa Ziwa Victoria na 20 kusini mwa mpaka wa Kenya. Wazee mnakumbuka kwamba kabla ya kampuni, Nyabirama na Nyabigena palikuwa mahali pa wachimbaji wadogo. Watu walichimba maduara yao, wakaponda mawe, wakakamata dhahabu kwa zebaki. Sitaipamba enzi hiyo. Maduara yaliporomoka, zebaki ilimwagwa mtoni, watoto waliacha shule. Lakini fedha ilizunguka kijijini; kijana aliyepata gramu alinunua ng'ombe, na ng'ombe kwa Mkurya, kama kwa Mngoreme, ndiye mahari, ndiye benki, ndiye heshima ya mtu.

Miaka ya 1990 sera ilibadilika. Sheria ya Madini ya 1998 ilimruhusu mwekezaji wa nje kumiliki mgodi kwa asilimia 100, na mrabaha wa dhahabu ukawekwa asilimia 3. Kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines ikaingia Nyamongo. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2002. Mwaka 2003 mgodi ukaenda kwa Placer Dome ya Canada. Mwaka 2006 Placer Dome yenyewe ikamezwa na Barrick, ya Canada pia. Mwaka 2010 ikaundwa African Barrick Gold na hisa zake zikauzwa London. Mwaka 2014 ikabadili jina kuwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikainunua Acacia yote. Hesabuni wenyewe majina hayo. Mwananchi wa kijiji cha Kewanja au Nyangoto aliyekuwa na madai ya fidia mwaka 2002 amebadilishiwa mdaiwa mara kwa mara, na kila jina jipya huja na maofisa wapya wa mahusiano ya jamii wanaomwomba aanze upya kueleza.

Vijiji 5 vya kule, Nyangoto, Kerende, Kewanja, Genkuru na Nyamwaga, viliwahi kupata makubaliano ya kulipwa asilimia 1. Ilikuwa kitu, na si mahali pengi Tanzania ambapo kijiji kilikaa mezani na kampuni. Lakini malipo yale yalipita mikononi mwa serikali za vijiji, yakazaa madarasa na yakazaa ugomvi, na mchimbaji mdogo aliyepoteza duara lake hakuona hata senti ya asilimia hiyo mfukoni mwake.

Basi kijana huyo alifanya nini? Alirudi. Mgodi mkubwa humwaga mawe ya mabaki ambayo kwao hayana faida, lakini kwa mtu mwenye nyundo na karai bado yana chembe. Vijana wakawa wanaingia usiku na mchana, kwa makundi, kuokota mawe. Kampuni iliwaita wavamizi. Nimewahi kukaa na baadhi yao nikawauliza wanajiitaje. Walicheka. Mmoja akasema yeye yuko kwao, asiyekuwa kwao ndiye avamiaye.

Tarehe 16 Mei 2011 watu 5 waliuawa kwa risasi za polisi mgodini. Kampuni ilieleza kwamba kundi la watu wapatao 1,500 lilikuwa limeingia. Miili ikawa ugomvi wa pili: ndugu, wanasiasa na polisi waligombania namna ya mazishi, na Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge na wakili mwenye historia ndefu ya kesi za migodi, alikamatwa Tarime pamoja na wenzake. Mwezi huohuo Barrick yenyewe ilitangaza kwamba kuna madai ya wanawake kubakwa na polisi na walinzi wa mgodi. Hilo la wanawake huwa tunalipita haraka tunapozungumza kwenye mikutano ya wanaume. Na mimi ni mwanaume. Naomba leo tusilipite. Mwanamke aliyekwenda kuokota mawe ili anunue daftari za watoto alirudi na jeraha ambalo hakuna mthamini wa fidia anayeijua bei yake, na wengi walinyamaza kwa kuogopa waume zao kuliko walivyowaogopa askari.

Mwaka 2016 kamati iliyoundwa na serikali ilipokea malalamiko ya wananchi wa huko, yakiwemo madai kwamba polisi wameua watu 65 na kujeruhi 270. Sisemi kila dai lilithibitishwa. Nasema serikali yetu yenyewe iliyapokea na kuyaandika.

Kesi zimekwenda ng'ambo. Mwaka 2013 baadhi ya wananchi walifungua shauri London kupitia mawakili wa Leigh Day, na mwaka 2015 likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama ambayo masharti yake hayakutangazwa. Novemba 2022 wengine walikwenda Ontario, Canada. Novemba 2024 jaji wa huko akaamua kwamba shauri hilo mahali pake pa kusikilizwa ni Tanzania. Msimamo wa kampuni miaka yote umekuwa kwamba polisi ni chombo cha dola na haiwaamrishi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu ni kweli kwamba aliyevaa sare ni askari wa Jamhuri. Lakini kati ya kampuni na polisi palikuwa na hati ya makubaliano, na mgodi uligharimia sehemu ya ulinzi huo. Anayelipia posho ya askari na kumpa mafuta ya gari hawezi kusema hamjui kabisa.

Hapo ndipo neno "mgeni" linapoanza kunitatiza. Bunduki ilikuwa ya kwetu, leseni tuliitoa sisi, na mthamini aliyehesabu migomba na nyumba alikuwa Mtanzania. Hata ile michezo ya tegesha, watu kujenga vibanda na kupanda miti usiku kwa usiku mahali panapotarajiwa kuchukuliwa ili wavune fidia, ilichezwa na wenyeji kwa kushirikiana na baadhi ya watumishi wetu. Tegesha ilimharibia mwenye haki. Kampuni ikapata kisababu cha kumshuku kila mtu, na bibi kizee mwenye nyumba ya miaka arobaini akapangwa foleni moja na tapeli aliyetoka mjini juzi.

Halafu ikaja mwaka 2017. Rais Magufuli alizuia makontena ya makinikia, Bunge likapitisha sheria za umiliki wa maliasili, mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na serikali ikajipatia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kulipia. Januari 2020 Barrick na serikali wakatiliana saini, na Twiga Minerals, kampuni yao ya ubia, ikawa msimamizi wa North Mara, Bulyanhulu na Buzwagi: asilimia 84 Barrick, 16 serikali. Nilifurahi wakati ule, na bado nadhani kwa hesabu za taifa tulipata zaidi kuliko tulivyokuwa tukipata chini ya sheria ya 1998.

Lakini mtazame mwananchi wa Nyamongo amesimama wapi baada ya saini hiyo. Serikali ni mbia wa mgodi. Serikali ndiyo yenye polisi. Serikali ndiyo yenye NEMC, baraza linalopima kama bwawa la topesumu linavuja. Na mahakama yake sasa, kwa mujibu wa jaji wa Ontario, ni ya nchi hiihii. Zamani alikuwa na mtu wa kumshtakia mgeni. Leo akipiga hodi kulalamika, anayemfungulia mlango ni mwenye hisa.

Wala si mara ya kwanza mkoani kwetu. Buhemba mnaijua. Mgodi ule haukuwa wa Mkanada. Uliendeshwa na Meremeta, kampuni iliyohusishwa na jeshi letu wenyewe, ingawa ilisajiliwa Isle of Man, kisiwa ambacho wengi wetu hatukuwahi kukisikia mpaka Bunge lilipoanza kuuliza maswali. Majibu ya maana hayakupatikana. Tuliambiwa ni mambo ya usalama wa taifa. Mashimo yako pale. Nendeni mkaulize ni nani kati ya wanakijiji aliyepona kwa sababu mwenye mgodi alikuwa ndugu.

Nije kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo Kisaka inapoingia moja kwa moja.

Mei 2009 maji ya mgodi yalivuja yakaingia mto Tigithe, unaomwaga katika Mara. Watu walilalamika juu ya ngozi zao na mifugo yao. Watafiti waliokwenda huko mwaka huohuo, wakiwemo wa vyuo vyetu, walikuta metali nzito, pamoja na aseniki, kwa viwango vya kutia wasiwasi. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC ikautoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, na Julai ikalifunga bwawa hilo. Septemba, mwezi uleule Barrick ilipokamilisha kuinunua Acacia, zuio likaondolewa. Labda marekebisho yalikuwa yamekamilika. Bomba na mitambo hujengwa haraka fedha ikiwepo. Ila hakuna mtu aliyekuja kwenye mkutano wa kijiji chochote upande wetu wa mto akasoma vipimo.

Matunda ya ukimya huo tuliyaona Machi 2022. Samaki walielea wamekufa katika Mto Mara, kule Kirumi, na maji yakabadilika rangi na harufu. Waziri akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ya oksijeni majini, na kwamba sumu ya mgodi haikuonekana. Nchi nzima ilicheka. Mitandaoni ng'ombe wa Mara wakawa mashujaa wa vichekesho kwa wiki nzima.

Mimi sikucheka, na nitawaambia sababu ingawa najua haitawapendeza wengine hapa. Jambo lile linawezekana kisayansi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliofanywa katika mto huuhuu, upande wa Maasai Mara, wakaonyesha kwamba kinyesi cha viboko kikikusanyika madimbwini na kusombwa na mafuriko humaliza oksijeni na kuua samaki kwa wingi. Kama kiboko anaweza, ng'ombe naye anaweza. Kwa hiyo huenda Profesa Manyele na wenzake walisema kweli tupu. Na hawakuaminiwa. Kwa nini waaminiwe? Kwa miaka 13 watu waliishi na Tigithe bila kusomewa namba. Waliofanya vipimo rasmi ni wale waliokuwa na maslahi, au wale walioteuliwa na mwenye maslahi. Mtu uliyemnyima ukweli siku mgodi ulipokosa hatakuamini siku mgodi haukukosa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko samaki, kwa sababu siku sumu itakapopita kweli, tutaambiwa tena habari za ng'ombe na hatutajua tuamini lipi.

Kule Tibet, Mei 2016, katika mji wa Tagong, wananchi walichukua samaki waliokufa mtoni wakawatandaza barabarani mbele ya kila mtu, wakidai mgodi wa lithiamu ndio uliowaua. Mgodi huo ni wa Wachina, haukuwa na Mkanada ndani yake. Watu wale hawana bunge la kuwasemea, hawana chama cha upinzani, na kuandamana kwao ni hatari kuliko kwetu. Silaha waliyokuwa nayo ilikuwa samaki mwenyewe. Sisi tuna zaidi ya hiyo, na ninaona tunaiacha kabatini.

Kisaka iko wilaya ya Serengeti. Ushuru wa huduma wa mgodi unakwenda halmashauri yenye mgodi, ambayo ni Tarime. Mpango wa mgodi kusaidia jamii, ambao sheria ya sasa inaulazimisha, unakubaliwa na halmashauri hiyo. Mto haujui mpaka wa wilaya. Umeanza Mau nchini Kenya, unapita mbugani, unapokea Tigithe, unaingia Ziwa Victoria. Vijiji vya Serengeti vinavyonywesha mifugo humo vinapata maji bila ushuru, na bila taarifa. Tena miamba yenye dhahabu haikuishia Nyamongo. Ukanda huohuo unakwenda mpaka Kiabakari na Buhemba. Leseni za utafiti hutolewa juu ya ramani, na mara nyingi mwanakijiji wa kwanza kuijua ni yule anayekuta mtu ametia alama kwenye shamba lake.

Siku hiyo ikija, msiulize kwanza kampuni inatoka nchi gani. Ulizeni karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali au kukataa. Ikizidi hapo waziri ndiye mwenye uamuzi, lakini baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji, na fidia lazima ikubaliwe kabla ardhi haijahama. Sheria ya Madini ya 2010 inadai ridhaa ya maandishi ya mkaaji kabla ya kazi kufanyika ndani ya mita 200 kutoka nyumba yake. Serikali ina njia ya kuivuka ridhaa inayokataliwa bila sababu ya msingi, kwa hiyo sababu zenu ziandikwe, zisiishie kusemwa. Uthamini ambao haujalipwa kwa miaka 2 umekufa na ni lazima urudiwe kwa bei mpya, kwa sheria ya 2016. Na sheria ya uwazi ya 2015 inataka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Sheria hizi zina matundu, nimewaonyesha baadhi, lakini Nyamongo ya miaka ya 1990 haikuwa nazo.

Wakurya wana ritongo, baraza ambamo jambo zito halimaliziki mpaka kila upande umesikika. Mkutano mkuu wa kijiji ungeweza kuwa na uzito huohuo kama tungeacha kuutumia kusomewa michango ya maabara na kusaini mahudhurio.

Nawaomba basi, wenyeviti wa vijiji mlioko hapa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Unaofuata uwe na ajenda mbili. Ya kwanza, barua kwa ofisi ya madini ya mkoa kuuliza ni leseni gani zimetolewa juu ya ardhi ya Kisaka, kwa jina la nani, mpaka lini. Ya pili, barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kupitia jumuiya ya watumia maji kama sheria ya 2009 inavyoruhusu, kudai kwamba sampuli za Mto Mara upande wetu zichukuliwe mbele ya wawakilishi wetu, mmoja wao awe mwanamke anayechota maji, na majibu yaletwe kwa Kiswahili na yasomwe mkutanoni. Barua zote mbili ziwe na mhuri, nakala zibaki kijijini, na mtendaji aandike katika muhtasari tarehe zilizopelekwa, ili atakayekaa kiti hicho baada yake ajue nani anadaiwa jibu.